Mganga, Nipimie Maji Haya

Mama mmoja mtu mzima alikuja zahanati asubuhi akiwa na chupa ya maji mkononi. Hakuwa mgonjwa. Nilimwamkia, akaitika, akaiweka chupa mezani. Akasema, "Mwanangu, nipimie maji haya."

Nikamwuliza yametoka wapi. Akasema yametoka katika kijito wanachoteka, kile kinachoteremka kwenda Mto Lwengera. Siku mbili kabla ya hapo watu wa upande wa juu walipiga dawa nyanya zao. Walipomaliza wakaosha bomba la dawa kijitoni. Jioni watoto waliona samaki wadogo wanaelea, matumbo juu. Kesho yake maji yalikuwa maangavu kama siku zote. Hayakuwa na harufu wala rangi. "Sasa niambie," akasema yule mama, "ni mazima au si mazima?"

Niliichukua chupa nikaiinua dirishani, kwenye mwanga. Huo ulikuwa upuuzi wangu, kwa maana sumu ya namna ile haionekani hata kwenye jua la saa sita. Katika zahanati yetu nina kipimo cha malaria. Kipimo cha kuonyesha dawa ya wadudu ndani ya maji sina. Nilimwambia hivyo. Nikamshauri waache kwanza kuteka pale, wateke kwenye kisima cha pampu ingawa ni mbali. Nikamwuliza tena, "Mama, wale samaki walikwenda wapi?" Akasema nyumba moja waliwakaanga. Mchana ule nilikwenda katika nyumba hiyo nikawakuta watu wote ni wazima. Tunashukuru. Lakini sikulala vizuri.

Nimeandika makala hii kwa sababu swali la yule mama ni la haki, na mimi sikumpa jibu la kutosha. Maoni yangu ni haya: maji wanayokunywa watu wa kijijini yapimwe sumu za dawa, kama vile wanavyopimwa samaki wanaouzwa Ulaya. Na wakati tunasubiri kupimiwa, tusiendelee kuyatia sumu kwa mikono yetu.

Jicho, pua na moto

Sisi watu wa Korogwe tunayajua maji machafu. Tumekaa na mkonge miaka mingi. Maji yanayotoka korona, pale majani ya mkonge yanapokwanguliwa, ni ya rangi mbaya na yananuka mpaka mtu anaziba pua. Mahali yanapoingia mtoni samaki hukosa hewa. Uchafu ule hauhitaji mtaalamu. Hata mtoto akifika pale atasema, "Maji haya hayanyweki."

Sumu ya dawa za wadudu, ambazo siku hizi wataalamu huziita viuatilifu, ina tabia tofauti. Nyingi huua zikiwa kidogo sana, na zikiwa kidogo hazinuki wala hazibadili rangi ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha DDT kisichopaswa kuzidishwa katika maji ya kunywa. Kiwango hicho ni gramu moja katika lita milioni moja. Gramu moja ya unga haijazi kijiko kidogo cha chai. Lita milioni moja ni ndoo kubwa 50,000. Chukua unga ule mdogo, ugawe katika ndoo 50,000, kisha uniambie ni ulimi gani utakaoonja.

Na moto je? Hapa lazima niseme kosa langu. Nilipoanza kazi nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema kwamba maji yaliyochemshwa hayana madhara yoyote. Mzee mmoja aliniuliza, "Hata kama mna dawa ya shambani?" Nikamjibu haraka kwamba moto huua kila kitu. Nilikosea. Moto huua vijidudu, kwa sababu vijidudu ni viumbe hai. Dawa ya wadudu si kiumbe hai, haina uhai wa kuondolewa. Ukichemsha maji yenye sumu ya aina hiyo, maji hupungua kwa mvuke, na sumu iliyo nyingi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi.

Msinielewe vibaya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wazee wetu kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na mafunzo yale yaliokoa watu. Kipindupindu na kuhara bado viko. Tuendelee kuchemsha. Ninachosema ni kwamba adui wa pili haogopi moto.

Walichokiona watu wa ziwani

Tuondoke kidogo Magoma twende Mwanza, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mwanza ni jiji kubwa. Katikati yake unapita Mto Mirongo, ambao huchukua takataka za mjini na kuzimwaga ziwani. Ziwa lililo karibu na mji hupokea kila kitu: mafuta ya magari, sabuni, maji ya viwanda, na dawa za mashambani zinazoletwa na mito.

Katika miaka ya 1990 kulikuwa na wavuvi waliogundua njia ya mkato. Walimimina dawa ya wadudu majini, samaki wakaelea, wakawaokota. Sangara hao wakauzwa kama samaki wengine. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo. Viwanda vya minofu vilikosa soko, na wavuvi ambao hawakuwa na hatia walilia pamoja na wenye hatia.

Serikali zetu zilifanya nini? Ziliimarisha ukaguzi na upimaji. Samaki, maji na matope vikachukuliwa na kupelekwa maabara. Baadaye soko lilifunguliwa tena.

Mimi hapo hujiuliza. Mnunuzi wa mbali alipokataa kula sumu, vipimo vilipatikana. Basi mama wa Magoma akikataa kunywa sumu, kwa nini aambiwe kwamba vipimo ni ghali? Najua ni ghali. Lakini ziwa lile lilipimwa kwa sababu kuna aliyesema "siwezi kununua mpaka mpime". Sisi hatujasema bado.

Ndege wa Clear Lake

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wataalamu walipima samaki na matope, badala ya kupima maji peke yake. Sababu yake ilijulikana zamani huko Marekani, katika jimbo la California. Kuna ziwa liitwalo Clear Lake, maana yake Ziwa Angavu. Watu waliokwenda kupumzika pale walisumbuliwa na wadudu wadogo warukao. Mwaka 1949 ziwa lilitiwa dawa iitwayo DDD, ndugu wa DDT. Waliitia kidogo sana, wakiamini ni salama. Wakarudia mwaka 1954 na mwaka 1957.

Baada ya dawa ya mwaka 1954 ndege wa ziwani wakaanza kufa. Waliopima mafuta ya miili ya ndege hao walikuta sumu nyingi ajabu, maelfu ya mara kuliko ile iliyotiwa majini. Ilifikaje huko? Sumu za jamii hii hazipendi maji, hupenda mafuta. Mimea midogo ya majini huichukua. Samaki mdogo hula mimea hiyo, samaki mkubwa humla mdogo, ndege humla mkubwa. Kila anayekula hujiwekea akiba ya sumu katika mafuta yake. Wa mwisho mezani ndiye mwenye fungu kubwa. Nasi binadamu tumekaa mwisho wa meza.

Hapa niongeze neno moja kwa kina mama, maana huenda mtu akaogopa. Dawa za aina ya DDT zimewahi kukutwa hata katika maziwa ya mama, katika nchi nyingi duniani. Usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Maziwa yako bado ni bora kuliko chochote utakachompa mtoto mchanga.

Jinsi sumu inavyopimwa

Kazi huanza na chupa. Maji ya kupima sumu ya aina hii huchukuliwa kwa chupa ya kioo iliyosafishwa sana, kwa sababu plastiki hunyonya sumu nyingine na kutoa vitu vyake yenyewe. Chupa huandikwa mahali, siku na saa. Huwekwa katika baridi, mbali na jua, na kufikishwa maabara upesi. Mtaalamu hachukui maji mahali pamoja tu. Huchukua juu ya mashamba na chini ya mashamba, ili ajue sumu imeingilia wapi. Huchukua matope ya chini na samaki. Hupenda pia kuchukua wakati mvua za kwanza zinaponyesha, kwa kuwa ndizo zinazoosha mashamba.

Huko maabara maji huchanganywa na kimiminika chenye tabia ya mafuta. Sumu huyaacha maji na kuhamia humo. Kisha tone dogo sana huingizwa katika mashine iitwayo kromatografu ya gesi. Ndani yake mna bomba jembamba kama unywele, lenye urefu wa meta 30 hivi, limezungushwa kama kamba ya katani. Mashine huligeuza tone kuwa mvuke, na mvuke husukumwa ndani ya bomba hilo. Ni kama watu walioondoka Korogwe pamoja kuja Magoma kwa miguu. Vijana hufika kwanza, wazee hufika baadaye. Kila sumu ina wakati wake wa kufika upande wa pili. Pale mwisho kuna kifaa kinachohesabu, na mtaalamu hulinganisha na wakati wa sumu anayoijua.

Tazama neno hilo, "anayoijua". Mashine hii haisemi yenyewe kila kilichomo. Mtaalamu akitafuta DDT, atapata jibu la DDT. Kama shambani ilitumika dawa nyingine na hakuna aliyemwambia, anaweza kuandika "haikuonekana", nasi tukashangilia bure. Hilo lilinifungua macho. Kumbe sisi wa kijijini tuna kazi katika kipimo hiki. Sisi ndio tunaojua ni dawa gani iliyopigwa, lini, na katika shamba lipi.

Si habari za mbali

Msiseme haya ni mambo ya Mwanza na Marekani. Hapo Amani, katika milima hii tunayoiona kila siku, palikuwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki. Wataalamu wake waliendesha mpango wa malaria wa Pare na Taveta kuanzia mwaka 1954 mpaka 1959. Nyumba za huko zilipigwa dieldrini kwenye kuta. Mbu walipungua, na malaria ikapungua. Lakini dieldrini imo katika orodha ya sumu kali zinazodumu ambazo nchi nyingi zilikubaliana huko Stockholm mwaka 2001 kuzikomesha. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004. DDT imeruhusiwa kwa kupigana na wadudu waletao magonjwa tu, kwa masharti. Siwalaumu wazee wale. Walikuwa wanaokoa watoto, nami ningefanya vilevile kwa elimu ya wakati ule.

Huko Vikuge, mkoa wa Pwani, dawa zilizopitwa na wakati zilihifadhiwa shambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima udongo wa pale walikuta DDT na nyingine za jamii yake kwa wingi. Miaka baadaye, mwaka 2007, walitoa taarifa kwamba hata majani machanga ya miembe ya jirani yalikuwa na sumu hizo. Mwembe hauli dawa, lakini umesimama karibu nayo.

Hapa kwetu dawa ziliongezeka baada ya mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya nchi yetu. Mtu ambaye hakuwahi kushika bomba sasa analo. Dawa huuzwa gulioni ikiwa imemiminwa katika chupa za soda, haina jina wala maelezo. Nasema wazi: huyo anayemimina dawa katika chupa ya soda ni hatari kuliko mbu. Nimempokea mtoto wa miaka sita aliyekunywa kutoka chupa ya namna hiyo. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, mate yanamtoka, jasho linatiririka, anapumua kwa shida. Tulimwosha kwa sabuni, tukamvua nguo, tukamkimbiza hospitali. Alipona. Lakini daktari aliuliza, "Ni dawa gani?" Hakuna aliyejua, maana chupa iliandikwa jina la soda.

Ukimwona mtu wa hivyo, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe, mlete upesi, na ulete chombo cha dawa pamoja naye.

Daftari na barua

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmejua kusoma na kuandika ukubwani. Sasa ninawaomba mtumie kalamu hiyo kwa jambo hili.

Kila mkulima awe na daftari. Akinunua dawa, aandike jina lililo kwenye lebo, tarehe, na shamba. Kama hakuna lebo, asinunue. Atazame pia utepe wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni sumu kali zaidi, wa njano unafuata, kisha wa buluu, kisha wa kijani. Siku mtaalamu akija kupima maji, tumpe madaftari yetu. Atajua atafute nini.

Serikali ya kijiji nayo iandike barua. Iandikie Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa sababu Lwengera huingia Mto Pangani, na maji yetu hupita Hale mpaka baharini. Nakala iende kwa RUWASA wilayani na kwa afisa kilimo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo, ilichukua kazi za taasisi ya zamani ya viuatilifu ya Arusha baada ya sheria ya mwaka 2020. Mkemia Mkuu wa Serikali pia yupo. Barua iseme: wapi, lini, samaki wangapi, dawa gani. Barua inayosema "tunaomba msaada wa maji" hufunikwa na nyingine. Barua yenye majina ya dawa na tarehe ni ngumu kuifunika.

Wengine wataniambia, "Kijito kinatiririka, maji hujisafisha yenyewe." Ni kweli kwamba dawa nyingine za siku hizi huvunjika baada ya siku au wiki. Lakini kinachotiririka kutoka kwako kinafika kwa mwingine kabla hakijavunjika. Na nyingine, kama tulivyoona, hukaa katika matope miaka mingi.

Basi bomba lisioshwe mtoni. Oshea shambani, na maji ya kuoshea uyapulizie kwenye mazao yaleyale. Chombo kilichokwisha kisuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya bomba, kisha kitobolewe ili mtu asikitumie kutekea maji au kuwekea mafuta ya kula. Usipige dawa mvua ikiwa imetanda. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kuyasema haya yote kwa mistari michache, na faini ikawekwa. Watu waliooshea bomba juu ya kile kijito si watu wabaya. Ni majirani, na mmoja wao ni rafiki yangu. Nilipomweleza alisema hakuna aliyewahi kumwambia. Namwamini, na hilo ni kosa letu sisi watu wa afya na wa kilimo.

Ile chupa ya yule mama bado iko kabatini kwangu. Nilimwita juzi nikamweleza kwamba haifai tena kwa kipimo, kwa sababu ni ya plastiki na imekaa siku nyingi kwenye joto. Alinitazama kwa muda. Kisha akaniuliza chupa ya kioo inapatikana wapi, na barua ya kijiji itaandikwa siku gani, ili awepo.